Kabla hujasema sisi ni Wahugenoti

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, nami namshukuru Mungu. Ujumbe wako nimeusoma, na swali lako si la kujibu kwa simu. Unauliza kama ni kweli kwamba kwa upande wa mama yako nyinyi ni kizazi cha Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa wa zamani, na kama unaweza kulisema hilo chuoni mbele za watu.

Habari hiyo tumeipata kwa marehemu bibi yako. Kabla ya kuolewa jina lake la ukoo lilikuwa Martin, na alikuwa akisimulia kwamba wazee wake walikimbia Ufaransa kwa ajili ya dini yao, wakaingia London na ufundi wa kufuma hariri. Ule mkufu aliokuachia, wenye msalaba na njiwa anayening'inia chini yake, ni alama ya Wahugenoti. Uvae, ni wa bibi yako. Ila usiuhesabu kuwa ushahidi, kwa sababu misalaba ile inauzwa madukani na hununuliwa na yeyote aliyeipenda.

Hata jina halitoshi. Martin ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ufaransa, na hapa Uingereza nako limejaa tangu zamani sana. Wapo wenye majina ya Kifaransa ambao wazee wao walivuka bahari na Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, na wapo Wahugenoti wa kweli ambao majina yao yaligeuzwa ya Kiingereza hata huwezi kuwashuku. Huko Norwich uliko, wafumaji wageni waliokaribishwa mwaka 1565 walikuwa Waholanzi na Wawaloni, watu wa nchi zilizokuwa chini ya mfalme wa Hispania. Wengi wa vizazi vyao leo hutajwa pamoja na Wahugenoti, ingawa mfalme wa Ufaransa hakuwahi kuwatawala.

Ningependa kwanza ujue unachodai. Waprotestanti wa Ufaransa walipewa ruhusa ya kuabudu kwa Amri ya Nantes ya mwaka 1598, iliyotolewa na Mfalme Henri wa Nne. Mjukuu wake, Louis wa 14, aliifuta Oktoba 1685. Hata kabla ya hapo, tangu 1681, alikuwa akiwapangia askari katika nyumba zao, wale, walale na kuharibu mpaka mwenye nyumba akubali kuwa Mkatoliki. Baada ya kufutwa kwa amri, wachungaji walipewa siku 15 waondoke nchini, lakini waumini wa kawaida walikatazwa kutoka. Mwanamume aliyekamatwa akitoroka alipelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Mwanamke mmoja wao, Marie Durand, alifungwa katika mnara wa Aigues-Mortes mwaka 1730, akiwa bado kijana, akatoka 1768. Miaka 38, mama! Watu wapatao 200,000 walitoka hata hivyo, na takriban 50,000 kati yao wakaja Uingereza na Ireland. Ukisema wewe ni wao, unasema hayo yote yaliwafika watu wako. Ndiyo maana nataka tuhakikishe.

Sasa sikiliza tulipofika. Mimi na mama yako tulianza na cheti cha kuzaliwa cha bibi yako, tukapanda hatua kwa hatua: mtoto kwa mzazi, mzazi kwa babu, bila kuruka mtu. Wengi hufanya kinyume. Humchagua Martin mmoja maarufu wa mwaka 1690, wakashuka naye hadi kwao, na njiani kila pengo hulijaza kwa kudhani. Usifanye hivyo hata ukishawishiwa na miti ya ukoo ya watu wengine kwenye intaneti.

Nakutumia picha ya cheti cha ndoa cha mwaka 1849 kutoka Bethnal Green, mashariki ya London. Kitazame kwa makini. Bwana harusi ni Martin, kazi yake mfumaji. Safu ya baba yake: Martin, mfumaji. Safu ya baba wa bibi harusi: mfumaji vilevile. Chini, mahali pa sahihi, kuna alama mbili za X, na karani ameandika majina yao pembeni. Hawa ni wako kwa hakika, tunazo karatasi zote zinazokuunganisha nao. Hawakujua kuandika majina yao, na kazi yao ilikuwa inakufa mikononi mwao: marufuku ya hariri ya Ufaransa ilikuwa imeondolewa mwaka 1826, na mkataba wa biashara wa 1860 ukaja kuwamaliza wafumaji wa mtaa ule. Mimi nawapenda watu hawa wawili, wawe wametoka Ufaransa au wasiwe.

Lakini mfumaji wa hariri si lazima awe Mhugenoti. Bethnal Green na mtaa jirani wa Spitalfields zilikuwa na wafumaji Waingereza na Waairishi pia. Sensa ya 1851 inaonyesha parokia aliyozaliwa kila mtu (ile ya 1841 huuliza tu kama ni kaunti ileile au la), na humo baba wa yule bwana harusi anasema alizaliwa Spitalfields, kwa umri unaotupeleka karibu na 1795. Kazi iliyobaki ni ubatizo wake.

Hapo ndipo daftari za makanisa ya Kifaransa zinaponipa matumaini. Kanisa la Kifaransa la Threadneedle Street, London, lilianzishwa 1550 kwa hati ya Mfalme Edward wa Sita, na daftari zake zimechapishwa na Chama cha Wahugenoti. Daftari za Kiingereza mara nyingi humtaja mama kwa jina lake la kwanza tu. Wafaransa waliandika jina la ukoo alikozaliwa, wakaongeza wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi walikuwa mjomba, shangazi au jirani. Ukipata ubatizo mmoja tu wa namna hiyo, umepata jamaa nzima. Kwa ndoa, kumbuka kwamba kuanzia 1754 sheria ilitaka zifungwe katika kanisa la Anglikana, kwa hiyo Mhugenoti aliyeoa 1780 mtafute kwa Waingereza, na watoto wake huenda uwakute kwa Wafaransa.

Ulitaja kipimo cha DNA. Uhugenoti ulikuwa imani, na damu haiandiki imani. Tena kati yako na mtu wa 1685 kuna vizazi kama kumi, ambako una wazee zaidi ya elfu moja, na wengine hawakukuachia chochote kinachopimika. Ufaransa yenyewe hairuhusu vipimo hivyo vya kutafuta ukoo, basi hata ndugu wa kulinganishwa nao ni haba.

Kwetu Tanga, babu yangu alijiita Mshirazi, na hakuwa na karatasi hata moja. Sikumdharau wala simdharau leo. Utafiti wa mifupa ya watu wa kale wa mwambao uliotangazwa 2023 ulikuta kweli asili ya Kiajemi imechanganyika na ya Kiafrika, lakini haukusema lolote juu ya babu yangu. Masimulizi ya wazee ni mlango wa kuingilia, nami nayaheshimu hivyo.

Siku moja nitakupeleka Brick Lane, kwenye msikiti ambao nimeswali Ijumaa nyingi. Wahugenoti walilijenga jengo lile liwe kanisa lao mwaka 1743. Mwaka huo bado unasomeka kwenye saa ya jua ukutani. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti, kisha sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti. Kama wazee wa mama yako walisali humo, nitafurahi kuliko unavyodhani.

Kwa hivyo kwa sasa waambie hivi: familia yetu ina masimulizi ya Uhugenoti, na tuna wafumaji wa Bethnal Green mpaka karibu 1795. Huo ni ukweli mtupu. Nami nina kazi kwako. Mdogo wake bibi yako ana Biblia ya zamani ya familia, na kurasa za mbele zina majina na tarehe. Umpigie wiki hii, umuulize hali kwanza, usianze na Biblia. Kisha mwombe ruhusa upige picha kila ukurasa, pamoja na ule wenye jina la mchapishaji na mwaka, tuone kama tarehe ziliandikwa wakati ule au baadaye.

Baba yako