Waheshimiwa madiwani, msiwahasi ng'ombe wekundu wote

Kwa madiwani wa halmashauri za Iringa, Njombe na Mbeya,

Kamwene, wanangu. Nilikuwa bwana mifugo miaka mingi katika vijiji vya Kilolo na Ismani, na nawaandikia kwa kuwa kikao cha bajeti kinakaribia. Najua kila mmoja ataombea kata yake madume ya kisasa na mbegu za Friesian, ng'ombe wa maziwa wa kigeni. Ombeni, mimi sina ugomvi na maziwa. Ila kabla hamjapitisha fungu hilo, msikilizeni kwanza mtu aliyeshika koleo.

Burdizo, koleo la kuhasia, ikibana hailii kwa sauti kubwa. Inalia kama kijiti kibichi kinachovunjwa ndani ya nguo, dume anapiga teke moja, basi. Mlio huo nimeusikia kuliko kengele ya kanisa. Tuliagizwa kwamba dume la kienyeji lihasiwe, majike yapandwe na la kisasa, nami nikatii. Wazee walileta wekundu wao, wafupi, nundu imesimama, rangi kama udongo wa Iringa ukiloa mvua, nikawageuza maksai mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana mifugo, nikitaka mwekundu mwingine nitamtoa wapi?" Nikacheka. Leo swali hilo nalibeba mimi.

Ng'ombe hao wana jina hata kwa wataalamu. Zebu wa pembe fupi wa Tanzania, yaani ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, amegawanywa kwa koo: kuna wa Mbulu, wa Gogo, mweupe wa Singida, na kuna mwekundu wa Iringa. Ukoo huo ni wa kwetu. Ukiisha hapa, hakuna duka la kuununua.

Tena nyie mnaosifu chotara ndio mngepaswa kuwa wa kwanza kumlinda. Chotara mzuri ni wa kizazi cha kwanza, mama Zebu, baba Friesian. Nusu ya damu yake ni ya mama, na nusu hiyo ndiyo inayomvusha kupe na kiangazi. Mpandishe tena kwa Friesian, mtoto anabaki na robo. Mpandishe tena, thumuni. Maziwa huenda yakapanda, lakini pumba, dawa ya kuogeshea na daktari navyo vinapanda, na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haingoji josho likarabatiwe. Rungwe, ambako mvua haikosi na matete yanaota pembeni ya migomba, ng'ombe wa kisasa wa bandani anamlipa mwenyewe. Ismani, kwenye ukame, ni habari nyingine kabisa, na sera moja ya mbegu kwa kata zote ni uvivu wa mezani. Mtanisamehe kwa neno hilo.

Sisemi jambo geni. Septemba 2007 nchi 109 zilikutana Interlaken, Uswisi, chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zikakubaliana mpango wa dunia wa kulinda mifugo ya asili, na kazi ya kwanza iliyoandikwa ni kuwatambua na kuwahesabu. Sisi tunahesabu ng'ombe kwa vichwa tu, bila kuuliza ni wa ukoo gani. Ongezeni safu moja kwenye fomu ya afisa ugani. Kuku pia, maana Sasso na Kuroiler, kuku wa kigeni, wameshaingia kila banda.

Halafu fedha. Mkulima hafugi makumbusho. Anayeweka dume jekundu safi kwa ajili ya kijiji apewe dawa ya kuogesha bure, na kila baada ya miaka michache dume abadilishwe na wa kijiji kingine, asije akapanda binti zake. Watafiti wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wako hapo Uyole, waulizeni. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, yaani cha kupandikiza mbegu za madume, kule Usa River kinajua kugandisha mbegu katika nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Igandishwe ya wekundu pia, ila chupa haichungwi wala haizoei kupe. Kundi hai ndilo la kwanza.

Jirani yangu ana dume mmoja jekundu, ana miaka minne, hajaguswa na koleo. Anadaiwa ada ya mwanawe wa sekondari, na mchuuzi ameshampigia simu mara mbili. Nimemwomba asubiri mpaka mmalize kikao. Amekubali, lakini alinikumbusha kwamba mnada ni kila wiki.

Mzee wenu,
Bwana mifugo mstaafu, Kilolo