Maboksi ya riwaya yafunguliwe, wanafunzi wazipeleke nyumbani

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la wiki iliyopita mlichapisha picha ya maboksi ya vitabu yakikabidhiwa shule moja ya sekondari ya hapa Lubumbashi, na pembeni yake wanafunzi wa sare nyeupe na bluu wamepangwa mstari. Nawashukuru kwa dhati waliotoa vitabu hivyo. Lakini picha ile imenikumbusha maboksi mengine ambayo nayo yalipigwa picha siku ya kupokewa, kisha yakakaa miaka miwili bila kufunguliwa, na ni kwa ajili ya hayo ninaomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa wa mwaka wa 7 na wa 8. Shule niliyofundisha zamani ilipata maboksi 6 ya riwaya za vijana kutoka Ubelgiji. Yaliwekwa ofisini kwa prefe, yaani mkuu wa shule, nyuma ya kabati la mafaili, na ufunguo ukabaki mfukoni mwake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwamba vitabu ni mali ya shule, kwamba mkaguzi akija ataviuliza, na kwamba mtoto akipoteza kimoja hakuna mzazi atakayekilipa. Misimu miwili ya mvua ikapita. Siku tulipoyasogeza, tena kwa kutafuta kitu kingine kabisa, tulikuta mchwa wamepanda kutoka sakafuni na kula boksi lote la chini pamoja na nusu ya lile lililokuwa juu yake. Vitabu vilivyosalia vilipogawiwa madarasani hatimaye, niliweka daftari la kuazima na kulifuatilia kwa miaka miwili: kati ya vitabu 126 tulivyokuwa navyo, wanafunzi walipoteza 11. Mchwa wale, ndani ya ofisi iliyofungwa, waliharibu vingi kuliko hivyo.

Ninaposema mwaka wa 7 na wa 8, ninasema watoto wa miaka 12 hadi 14, na ni umri ambao shule zetu hazijui hasa ziuweke wapi. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 iliiunganisha miaka hii miwili na ile 6 ya shule ya msingi, ikafanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 8. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019, hata hivyo, inaishia mwaka wa 6. Kwa hiyo mtoto anapoingia mwaka wa 7, mzazi anarudi kulipa ada, na baada ya ada kuna daftari, sare na nauli, na kitabu kinakuwa cha mwisho kufikiriwa. Wakati huohuo mtoto anaacha mwalimu mmoja aliyemzoea na kukutana na walimu wengi, kila mmoja na somo lake, na mwisho wa mwaka wa 8 anangojewa na TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuwachagua wanafunzi na kuwaelekeza kwenye masomo ya mbele.

Kuna jambo ambalo mtu asiyefundisha huenda halioni. Katika madarasa yetu mengi mwalimu anaandika ubaoni na mwanafunzi ananakili. Mtoto anaweza kufika mwaka wa 8 akiwa hajawahi kusoma maandishi marefu isipokuwa mwandiko wake mwenyewe, pamoja na makosa aliyoyafanya alipokuwa akinakili. Kwake, kusoma maana yake ni kukariri kabla ya mtihani. Hajawahi kufungua ukurasa kwa sababu anataka kujua kilichompata mtu fulani. Ndiyo maana riwaya iliyotumika, yenye jalada lililochanika na jina la mtoto wa nchi nyingine limeandikwa kwa kalamu ukurasa wa kwanza, ina thamani kubwa huku kwetu kuliko anavyodhani yule aliyeitoa.

Lakini kuzigawa tu hakutoshi, nami nilikosea mwanzoni. Nilichagua riwaya moja niliyoipenda mimi, nikaigawanya kwa vikundi, nikatoa maswali 10 kwa kila sura na kuyapa alama. Baada ya wiki tatu nilikuwa na majibu 58 yanayofanana, kwa sababu mwanafunzi mmoja ndiye aliyesoma na wengine walinakili kwake, kama walivyofundishwa kunakili ubaoni. Nilikuwa nimeigeuza riwaya kuwa somo lingine la kukariri.

Mwaka uliofuata niliacha maswali. Kila Ijumaa, saa ya mwisho, nilichukua riwaya moja na kuwasomea kwa sauti kurasa 3 au 4 za mwanzo, kisha nikasimama pale ambapo mambo yameanza kuharibika: barua imefika na haijafunguliwa, au mtoto amerudi nyumbani akakuta mlango uko wazi. Nilifunga kitabu na kukiweka mezani. Atakaye aje akichukue. Niliwaruhusu pia kurudisha kitabu bila kukimaliza na bila kueleza sababu, jambo ambalo baadhi ya wenzangu walilipinga sana, wakisema linafundisha uvivu. Mimi niliona kinyume chake. Mtoto aliyelazimishwa kumaliza kitabu kinachomchosha hachukui cha pili, na yule aliyeruhusiwa kukiacha alirudi Ijumaa iliyofuata kujaribu kingine, mara nyingine hata cha tatu, mpaka akapata kile kilichomshika.

Lugha ilikuwa kikwazo kikubwa zaidi. Riwaya nyingi za Kifaransa zimeandikwa kwa ule wakati uliopita ambao hakuna anayeusema, si sokoni, si redioni, na mwanafunzi wa mwaka wa 7 anaukuta kana kwamba ni lugha nyingine tena. Nilitumia vipindi viwili tu kuwaonyesha jinsi vitenzi hivyo vinavyofanana na wanavyovijua, kisha nikawaacha wavuke. Na mazungumzo juu ya vitabu tuliyafanya kwa Kiswahili, kile cha hapa nyumbani. Najua desturi ya shule zetu ni kumkataza mwanafunzi kusema Kiswahili wakati wa somo la Kifaransa. Hata hivyo mtoto anayeweza kusimama na kubishana kwa Kiswahili kama yule kaka katika hadithi alifanya haki au hakufanya, ameuelewa ukurasa wa Kifaransa ulioleta ubishi huo. Yule anayejibu kwa sentensi moja ya Kifaransa aliyoikariri hajanionyesha chochote.

Siku moja mama mmoja anayeuza unga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, alikuja shuleni na kitabu cha mwanawe mkononi. Aliniuliza, "Mwalimu, hii buku iko ya mtihani?" Nilimwambia hapana. Alikaa kimya kidogo, kisha akaeleza kwamba kijana amekuwa akikosea kurudisha chenji kwa sababu anasoma kati ya mteja na mteja, na kwamba usiku, umeme ukikatika, anawasimulia wadogo zake kwa Kiswahili sehemu aliyoisoma mchana. Nilidhani amekuja kukirudisha. Kumbe alitaka kujua kama anaweza kukaa nacho wiki moja zaidi, maana wadogo walikuwa wanangoja mwisho wake.

Wako wazazi na hata wakuu wa shule wanaosema kwamba hadithi zinamwibia mtoto muda wa kujiandaa kwa mitihani. Ninaheshimu hofu yao, kwa sababu wanalipa ada kwa shida. Lakini mitihani hiyo, hata ya hisabati, inaandikwa kwa Kifaransa, na mtoto asiyeelewa swali ameshindwa kabla hajaanza kuhesabu. Kurasa 100 za hadithi anayoipenda zinamzoesha sentensi ndefu kuliko kurasa 100 za kanuni.

Ninalo pia neno kwa wanaotoa vitabu, na nalisema kwa shukrani. Boksi lenye riwaya 40 zisizofanana linapendeza kulitazama, lakini nakala 6 za riwaya moja zinafanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu wanafunzi 6 wanaosoma kitabu kimoja wanakizungumzia njiani wakirudi nyumbani, na ni njiani humo ambapo wengine wanasikia na kukitaka. Tunapata vitabu vingi vya watoto wadogo vyenye picha, ambavyo kijana wa miaka 13 anaona haya kuonekana navyo, na vingine vya watu wazima, vizito mno. Vingine vinaingia kutoka upande wa Zambia kwa Kiingereza, lugha ambayo wanafunzi wangu ndio kwanza wanaianza.

Riwaya za Kiswahili karibu hatuzioni kabisa, na hili linanisikitisha kuliko yote. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa zilizotajwa katika Katiba. Kila siku malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yanavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa, kilometa 90 hivi kutoka hapa, yakileta bidhaa za migodi na za madukani. Katika mizigo yote hiyo boksi moja la riwaya za vijana zilizochapwa Dar es Salaam au Nairobi lingepata mahali pa kukaa. Nilipata nakala 2 tu, nilizoletewa na jamaa aliyesafiri. Mwanzoni wanafunzi walicheka baadhi ya maneno, kwa kuwa Kiswahili cha vitabuni si kile cha mitaani kwetu Katuba wala cha Ruashi, na waliniuliza kwa nini watu wa hadithi wanasema kama wahubiri. Walipofika ukurasa wa 10 hivi hawakuwa wanacheka tena. Nakala zile mbili zilichakaa kabla ya nyingine zote, ingawa tulizifunika kwa karatasi za mifuko ya saruji kama tulivyovifunika vitabu vingine vyote.

Kwa wakuu wa shule ombi langu ni dogo: maboksi yafunguliwe ndani ya wiki yanapopokewa, vitabu vihamie madarasani, na daftari la kuazima akabidhiwe mwanafunzi, si mwalimu. Mwanafunzi anajua nani anaishi wapi, na hufuatilia kitabu kwa bidii ambayo mimi sina muda nayo. Walimu wenzangu nao wavisome kabla ya kuvitoa. Mwanafunzi hutambua mara moja kwamba mwalimu anakisifu kitabu asichokifungua.

Na kwa kuwa gazeti lenu linafika katika shule nyingi za mji, nina ombi la mwisho. Darasani kwangu kuna riwaya ya vitabu viwili, na boksi letu lilikuja na cha kwanza peke yake. Wanafunzi 9 wamekimaliza na kila Ijumaa wananiuliza cha pili. Inawezekana kiko katika boksi la shule nyingine, ambako kuna watoto walioshindwa kuanza kwa kukosa cha kwanza. Jina la riwaya hiyo nimeliacha kwa karani wa ofisi yenu. Shule yenye kitabu cha pili inaweza kuwaandikia ninyi, nami nitakuja kukichukua mwenyewe na kuwaachia chetu.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Kifaransa, Katuba, Lubumbashi