Kusikiliza kunapimwa tu, hakufundishwi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwasemee wanachuo wanaosomea ualimu wa lugha ya pili, maana naona sarufi wanapikwa vizuri, kuandaa somo nako wako sawa, ila ikija kwenye kusikiliza na kuongea wanaachwa wajitafutie wenyewe, sijui inadhaniwa vinakuja vyenyewe.

Kusikiliza ndo kumetelekezwa kabisa. Mwalimu anawasha rekodi, wanafunzi wanajibu maswali, wanasahihisha, kipindi kimeisha. Sasa hapo nani kafundishwa? Huo ni mtihani, basi. Aliyepata kapata, na aliyekosa hajui kakosea wapi, na huyo aliyekosa ndo alipaswa kuwa somo lenyewe. Mtafiti mmoja Uingereza, John Field, aliandika tangu 1998 kwamba jibu la kukosea linaweza kumwambia mwalimu mengi kuliko la kupata. Kwa hiyo rudisha rekodi pale pale, sekunde tano sita tu, mwambie mtoto aandike alichosikia hata kama hakina maana, halafu muwekee na maandishi ya kilichosemwa alinganishe. Mara nyingi neno analijua vizuri tu kwenye kitabu, ila kwenye maongezi ya kawaida limemezwa na la pembeni yake, yeye akaungaunga vipande akapata neno lingine kabisa. Hicho unaweza kukifundisha palepale kwa dakika tatu.

Kwenye kuongea tatizo ni sisi walimu kupenda kusikia sauti zetu. Miaka ya 1970 huko Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao mwalimu anasubiri akishauliza swali, akakuta ni kama sekunde moja, na walipofika sekunde tatu majibu yakawa marefu zaidi. Na yale yalikuwa masomo ya sayansi jamani, sembuse mtu anayetafuta jibu na wakati huohuo anatafuta lugha ya kulisemea! Afu bado hajamaliza sentensi ushamrukia kumsahihisha.

Zoezi ninaloona wangefundishwa wote ni lile la nne tatu mbili, ambalo mtafiti wa ufundishaji lugha, Paul Nation, alilichunguza: mwanafunzi anasimulia habari ileile kwa wenzake watatu, mmoja baada ya mwingine, dakika 4, kisha 3, kisha 2. Yule wa kwanza anasikia aaah na eeeh nyingi, wa tatu anasikia habari inatiririka, na hakuna vifaa wala nini, hata darasa likijaa linafanyika ukiwapanga wawili wawili, japo makelele yapo.

Ombi langu kwa vyuo ni dogo tu. Kila mwanachuo ajirekodi na simu akifundisha, kisha akae aandike neno kwa neno dakika kumi za kipindi chake, aone mwenyewe nani kaongea. Inachosha kweli lakini ukweli utamkodolea macho. Na wakaguzi wa mafunzo kwa vitendo nao waangaliwe, kuna wanaosikia darasa linaongea wawili wawili wanakata maksi eti mwalimu kashindwa kulitawala, na mwanachuo akishakatwa hivyo mara moja unategemea kipindi kijacho atathubutu tena?

Msomaji wenu, mwalimu wa lugha