Usimgeuze Gundamma kuwa jini

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Homa ya Bi Mkubwa imeshuka? Mengine nitauliza chini, maana faili lako la maandishi ya chini ya ile filamu ya Kitelugu, Gundamma Katha, limenifika na nimesoma dakika zote 40 ulizotafsiri huku filamu yenyewe ikienda. Kuna jambo haliwezi kungoja tuonane.

Umemfanya Gundamma jini. Kila akifungua mdomo unampa "mshenzi", "nitakuua", "mbwa wee". Suryakantam, mwigizaji wake, haigizi hivyo hata kidogo! Mtazame usoni: hatishi, anabwata. Ukali wake uko kwenye mwendo wa ulimi, maneno yanamtoka kama mtama unaomwagika guniani. Huyo kwetu ni bibi wa "Hee! Makubwa!", "Yaguju!", "Mwone vile". Mpe hayo.

Nasisitiza kwa sababu filamu nzima imemwegemea yeye. Mwaka 1962 Nagi Reddi na Chakrapani, watayarishaji wa kampuni ya Vijaya, walikuwa na N. T. Rama Rao kwenye filamu yake ya 100, wana A. Nageswara Rao, wana Savitri na Jamuna, na bado jina wakampa mama mtu: Gundamma Katha, yaani Hadithi ya Gundamma. Watazamaji wakimchukia tangu mwanzo, basi kule mwisho Durga, shangazi wa mke wa mwanawe, atakapomtawala ndani ya nyumba yake mwenyewe na kumfungia chumbani, watashangilia. Wanatakiwa waumie. Na anayekuja kumhurumia ni Lakshmi (Savitri), binti yake wa kambo, yule yule aliyefanywa kijakazi. Kwa hiyo pia futa "mama wa kambo" uliyoirudia kila mara. Iseme pale tu wanapoisema wao. Kwetu neno hilo linahukumu mtu kabla hajasema kitu.

Undugu nao umekuchanganya, na si kosa lako, maandishi ya Kiingereza uliyofuata yameubana. Kwa Kitelugu "attayya" ni shangazi, ni mke wa mjomba, na ni mama mkwe pia. "Mamayya" ni mjomba na ni baba mkwe. Chanzo ni desturi yao ya kuoana mtoto wa mjomba na wa shangazi: mama mkwe wako huenda ni shangazi yako tangu zamani. "Bava" hivyo hivyo, ni binamu wa kuoleka au shemeji. Usishike neno moja ukalitumia kote. Kila mara jiulize nani anamwita nani, kabla ya harusi au baada. Kwa mama mkwe ningeandika "mavyaa". Lina herufi 6 tu, na watu wa pwani watalipenda.

"Emandi" umeliacha tupu. Ni mke anamwita mumewe bila kumtaja jina. Hilo tunalijua sisi! Weka "Bwana" na utakuwa umemaliza.

Halafu ule wimbo wa Anji (Rama Rao) na Lakshmi, Lechindi Nidra Lechindi Mahila Lokam. Umeandika anatwanga kwenye kinu. Angalia mkono wake: jiwe halipandi wala halishuki, linazunguka ndani ya shimo la jiwe kubwa, na mkono mwingine unarudisha kinachosagwa katikati. Ni jiwe la kusagia, la vitu vilivyolowekwa kama mchele na choroko nyeusi. Ukisema kinu, mtazamaji ataona uongo papo hapo. Na ni lazima ieleweke ni kazi ya jikoni, kwani utamu wote uko pale: mwanamume, mwana wa tajiri aliyejifanya mtumishi, anasaga huku akiimba kwamba ulimwengu wa wanawake umeamka usingizini. Ghantasala ameuimba kwa utani mtamu sana. Maneno yako yasiwe mazito kama hotuba.

Sasa ufundi. Umelalamika kwamba maandishi yanachelewa na kila ukiyavuta mbele yanachelewa tena. Kuyavuta hakusaidii. Video yako inakwenda fremu 25 kwa sekunde, na nyakati zilipimwa kwa 23.976, ndiyo maana unapoteza karibu sekunde 2 na nusu kila dakika. Dakika ya 10 ni sekunde 25, na mwisho zinapita dakika 6. Fungua ile programu ya Subtitle Edit, badilisha kiwango cha fremu kutoka 23.976 kwenda 25, kisha ndipo usogeze kidogo mpaka neno la kwanza likae mdomoni. Hifadhi kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8, la sivyo ile ritifaa ya "ng'ombe", ukiiandika iliyopinda, huenda ikageuka vidudu. Na kabla ya milisekunde weka mkato, usiweke nukta: umekosea mistari kadhaa, nimeitia alama.

Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 40 hivi. Kiswahili kinajaa haraka, "hawajatusamehe" peke yake ni herufi 14, na Gundamma anakimbia. Usifukuze kila tusi. Chagua moja linalouma, mengine yaachie uso wake.

Sehemu ya Raja (Nageswara Rao) na Saroja (Jamuna), binti wa Gundamma mwenyewe, bustanini, wakiwa vibarua, ifanye polepole. Jamuna anabadilika kidogo kidogo, na ukimpa upole mapema… utaona mwenyewe ukifika.

Sasa niambie: utaimalizia lini? Nyimbo unazitafsiri zote au utaacha baadhi? S. V. Ranga Rao, yule baba tajiri, akizungumza na wanawe umempa lugha gani, ya mzee wa mjini au wa shamba? Yule fundi wa Makorora bado anataka kuiingizia filamu sauti za Kiswahili, na je, ameshampata wa kumsemea Gundamma? Kama bado, mbona asimwombe Mama Kadara?

Shogayo