Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Vikao vya kila mwezi, darasa la kusoma hati za zamani na chakula cha pamoja vilifanyika kama mnavyojua. Picha mliziona. Sitawachosha.

Nije kwenye lililowaleta wengi wenu leo: chati ya ukoo wa Frank McWorter. Frank alizaliwa utumwani South Carolina, Marekani, mwaka 1777. Alipohamishiwa Kentucky alitumia muda aliobakiziwa kuchimba shura ya kutengenezea baruti, akamkomboa mkewe Lucy mwaka 1817, akajikomboa mwenyewe 1819. Baadaye walihamia Pike County, Illinois, na mwaka 1836 akapima viwanja vya mji wa New Philadelphia. Watu 16 wa familia hiyo, yeye akiwemo, walikombolewa kwa mali yake, wengine kwa wosia baada ya kufa kwake mwaka 1854.

Kamati ilipekua faharasa za hati, herufi M, miezi minne bila kuambulia kitu. Ni mimi niliyesema tutafute “Frank” peke yake, kwa kuwa jina la McWorter alilipata kisheria mwaka 1837 tu, kwa sheria ya bunge la Illinois. Sisemi haya kujisifu. Kumbukumbu za kikao zipo.

Sasa lile sanduku la jina la baba yake Frank kwenye chati, mnalolilalamikia. Mama, Juda, ameandikwa. Sanduku la baba nimeliacha tupu, na mstari wa nukta ukielekea kwa bwana aliyewamiliki, George McWhorter. Nimeambiwa ni woga. Nimeambiwa pia, tena na mtu aliyekula kwangu, kwamba nawafichia Wazungu aibu yao. Simulizi za familia zinamtaja bwana huyo kuwa baba, na mimi sizipingi. Lakini chati yetu ilisema mstari mzima ni hati na nukta ni simulizi. Kanuni hiyo mliipitisha ninyi. Sheria ya utumwa haikumhitaji baba. Mtoto alifuata hali ya mama, basi. Ndiyo maana Frank alianza na Lucy badala ya kujikomboa yeye kwanza: watakaozaliwa baada ya hapo wangezaliwa huru. Ukijaza wino mahali ambapo karani wa enzi hizo hakuandika kitu, umemsaidia karani kuficha kwamba hakuandika. Ni kweli niliipeleka chati kiwandani kabla kamati haijakaa. Bei ya uchapaji ilikuwa inapanda wiki ile, na simu nilipiga, hazikupokelewa.

Fedha: safari mbili za Pike County, nakala za hati na uchapaji vimekula dola 912. Ada zilizoingia ni dola 510. Tofauti imetoka mfukoni mwangu, na sijadai. Wanachama 41, waliolipa 17. Kikao cha Oktoba tulikuwa sita, wawili wakiwa wanangu waliokuja kwa sababu gari ni moja. Leo ukumbi umejaa, nashukuru, ingawa wengi wa wanaonyoosha mikono nyuma kule siwaoni kwenye daftari la ada.

Mwakani tunatarajia kuchapa chati ya pili, ya wajukuu, na pengine kwenda wote New Philadelphia hali ya hewa ikiruhusu. Mhazini amekaa karibu na mlango. Kitabu cha risiti anacho.