Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Manahodha, mabaharia, mafundi na wavuvi wenzangu, asalaam aleikum.

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nina neno juu ya kamera.

Msanii aliyeomba kufilamu kazi zetu alikuja mwishoni mwa msimu wa upepo wa kaskazi, na wengi wenu mlimkataa. Mlikuwa na haki. Hapa Lamu tumepigwa picha mpaka tumechoka: tanga jeupe, jua likitua, basi. Hata aliyetutazama kwa makini aliondoka na alichokiona. Mwaka 1938 na 1939, Mwaustralia Alan Villiers alisafiri ndani ya jahazi la Wakuwait hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, akawapiga picha mabaharia wakipakia boriti za mikoko. Kazi ya heshima, lakini picha zake zimehifadhiwa Greenwich, Uingereza. Na biashara ya boriti kwenda Arabuni, iliyopigwa marufuku kwetu mwaka 1982, vijana wetu wanaisikia kwa babu zao tu.

Kwa hiyo kamati iliweka sharti moja: nakala ya kila kilichorekodiwa ibaki kwetu, hata vipande visivyoingia kwenye filamu. Alikubali siku ileile.

Mwanzoni naye alikimbilia tanga. Fundi mmoja wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, akamwambia, "Kazi iko huku chini." Tangu hapo alikaa mchangani. Alifilamu keekee, chombo cha kutobolea mbao, ikitoboa taruma, yaani mbavu za chombo, na kalafati, kazi ya kuziba nafasi za mbao, tangu pamba inapolowekwa mafuta hadi inapozama kwenye mshono. Hakukatisha. Nimeitazama sehemu hiyo mara tatu, kwa sababu mlio wa nyundo unabadilika mshono ukijaa, na fundi anausikiliza huo kuliko anavyotumia macho. Jambo hilo huwezi kumfundisha kijana kwa maneno. Yumo pia mtoto anayefua maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kazi ambayo sijaona mtu akiipiga picha. Safari moja aliwaachia mabaharia kamera wenyewe. Wakarekodi saa nzima za kungoja maji yajae wapate kupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Anayeifahamu bahari atajua kwamba kungoja huko ndiko kazi.

Kosa lilikuwa letu. Hatukupatana mapema juu ya ujira wa siku ambazo chombo kilisimama kwa ajili ya kamera, na mabaharia wakarudi nyumbani mikono mitupu. Msanii alilipa baadaye, lakini chungu kilikwisha kukaa bila kitu. Nawaomba radhi mabaharia hao. Safari ijayo tutapatana kabla nanga haijang'olewa.

Limebaki la kuamua leo. Hewa ya chumvi haina huruma na mitambo, na nakala yetu iko kwenye sanduku la katibu. Kamati inapendekeza nakala ya pili ipelekwe Makumbusho ya Lamu kwa mkataba wa maandishi, umiliki ukibaki kwa chama. Naomba mpige kura kabla ya adhuhuri. Onyesho la filamu litakuwa upepo wa kusi ukikaza, vyombo vikiwa vimepandishwa pwani na kila mtu yuko nyumbani.