Barua ya wazi kwa vijana mnaochanga zawadi za wodi ya wazazi

Wanangu wa Mtwara na Lindi, mlioko nyumbani na mlioko Dar,

Salaam nyingi kutoka Mikindani. Mjukuu wangu amenisomea mipango yenu kwenye simu: mnachanga ili kila mama atakayejifungua kwenye hospitali zetu atoke na mfuko wa zawadi. Akanionyesha na picha ya mfuko wenyewe. Keki, maputo, poda, chupa ya mtoto, kopo la maziwa ya unga na kadi ya pongezi inayometameta. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na nadhani nina haki ya kuwaambia neno kabla fedha hazijatumika.

Hongereni, nalisema hilo kwa moyo mweupe. Kumpelekea mzazi chochote ni desturi yetu; hakuna mzazi wa pwani aliyekaa arobaini yake bila majirani kupishana mlangoni na mabakuli. Ninyi mmeamua kuwahi mlango wa wodini, si vibaya.

Lakini kopo la maziwa litoeni. Litoeni pamoja na chupa yake.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, alikuja bwana mmoja nadhifu na maboksi ya maziwa ya watoto. Sisi wauguzi alitupa kalamu na kalenda, wazazi kopo moja moja. Niliyagawa kwa mikono yangu hii, kitanda baada ya kitanda, nikijiona natenda jema. Mama mmoja wa upande wa Nanyamba aliondoka na lake ndani ya beseni, amelifunika khanga kama mtu aliyebeba dhahabu. Miezi miwili haikupita sana akarudi. Mtoto ngozi imelegea mapajani, macho yameingia ndani. Kopo la bure lilikuwa limekwisha zamani, akawa ananunua jingine kwa kuunga-unga, na ili lifike mwisho wa mwezi akalikoroga jembamba, kijiko kimoja mahali pa vinne, kwa maji ya kisima. Na matiti yake yalikuwa yamekauka, maana titi lisiponyonywa halitoi. Mtoto yule alipona, Mungu mkubwa. Mama yake aliniuliza neno moja tu: "Sista, si wewe ulinipa?"

Sina jibu lake mpaka leo.

Yaliyonikuta mimi yaliwakuta wengi, nchi nyingi. Ndiyo maana mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa maziwa mbadala: kampuni zisigawe sampuli za bure kwa wajawazito na wazazi, wala zisiwahonge watumishi wa afya kwa zawadi. Tanzania nayo ina kanuni zake. Ninyi si kampuni, najua, ila kopo likishafika mkononi mwa mama halisemi limetoka kwa nani. Akilipokea wodini, mbele ya muuguzi aliyevaa sare, ataamini hospitali imesema maziwa yake hayatoshi. Na siku ya kwanza kila mama huamini hayatoshi, kwa sababu yanayotoka ni kidogo, mazito, ya manjano. Ndiyo hayo ambayo baadhi ya wazee wetu waliyaita machafu wakayakamua chini. Kumbe ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na anatakiwa ayapate ndani ya saa moja tangu azaliwe. Baada ya hapo titi peke yake mpaka miezi sita, hata maji hapana. Yupo mtoto anayehitaji maziwa mengine kweli, kama aliyefiwa na mama, lakini huyo daktari na muuguzi watamjua. Hahitaji mfuko wenye utepe.

Poda nayo iacheni dukani. Kitovu kinataka kukaa kikavu, hakitaki manukato.

Mnapenda mifano ya Ulaya, basi chukueni ulio kamili. Ufini walianza mwaka 1938 kuwapa akina mama wasio na uwezo sanduku la vitu vya mtoto, na mwaka 1949 likawa la kila mama. Mna nguo, mna shuka, mna kigodoro, na sanduku lenyewe mtoto anaweza kulala humo. Watu husifia sanduku wakasahau sharti lake: ili alipate, mama alipaswa awe ameonwa na daktari au kliniki kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha. Sanduku lilikuwa chambo, na samaki alikuwa kliniki.

Nasi tumewahi kuvua hivyo. Mwaka 2004 zilipoanza hati punguzo za vyandarua, mama alipewa karatasi kliniki, akaongezea fedha kidogo dukani, akapata chandarua. Mimi nilikuwa kliniki siku hizo. Wapo waliofuata karatasi tu, nao wakapimwa presha na damu humo humo, wengine tukawakuta na upungufu wa damu ambao ungewaua siku ya kujifungua.

Kwa hiyo nimewaza hivi. Khanga ni doti, vipande viwili. Ikateni. Kipande kimoja mama apewe kliniki hudhurio la nne, cha pili akipokee hospitali siku ya kujifungua. Nimeishi na wanawake wa pwani miaka sabini na kitu. Simjui atakayekubali nusu ya doti ipotee na jina lake limeandikwa pale pale. Atakuja, hata kama mama mkwe anamwambia mkunga wa jirani anatosha.

Sasa chakula. Nimesikia huko Marekani hospitali nyingine humwandalia mzazi na mumewe chakula cha jioni maalumu, nyama ya kuchoma na kinywaji cha mapovu. Mjukuu alidhani nitashangaa. Nikamwambia hapo wenzetu wamepatia, maana mzazi hulishwa. Keki yenu ndiyo iliyokosea. Mama aliyejifungua saa nane usiku hataki keki. Alianza uchungu mchana, hajaweka kitu tumboni, na mama yake aliyemsindikiza amelala nje barazani, haruhusiwi kuingia mpaka asubuhi. Kulia kwake mtoto, kushoto beseni lenye khanga zilizolowa. Mwili unatetemeka.

Nilikuwa napika uji nyumbani kabla ya zamu, uji wa mchele, tui, sukari na pilipili manga ya kutosha kuwasha koo, nakwenda nao kwenye chupa ya chai. Binti mmoja, uzazi wake wa kwanza, nilimpa kikombe usiku wa manane. Hakunywa. Alikishika kwa mikono yote miwili, akausogeza uso kwenye mvuke, akafumba macho. Nikadhani amesinzia. Kisha akanywa vikombe vitatu bila neno, na cha tatu akaniuliza, "Sukari imeisha?" Ndiyo kwanza nikaisikia sauti yake, maana leba yote alikuwa ameuma meno.

Hiyo ndiyo zawadi ya wodini, wanangu. Uji moto saa nane usiku. Mengine ni sabuni ya mche, pedi, kofia na soksi za mtoto (za njiti ziwe ndogo sana, zisimfunike macho), na nauli. Nauli msiipuuze. Mama wa Msimbati anaweza kuruhusiwa saa nne asubuhi akabaki kivulini mpaka alasiri akimngoja mtu aliyekwenda kukopa fedha ya gari. Kuhusu vifaa vya kujifungulia, kabla ya kununua chochote muulizeni muuguzi kiongozi wa wodi nini kimepungua wiki hiyo. Atawaambia kwa kifupi, na jibu lake halitakuwa maputo.

Kuna jambo moja zito, na nimelizunguka makusudi. Katika wodi ya wazazi hawalali waliopata watoto peke yao. Siku moja walikuja wageni wema kama ninyi, wakapita kitanda kwa kitanda na vifurushi. Wakafika kwa mama ambaye usiku ule tulimfunikia mtoto wake. Dada mmoja akatabasamu, "Mtoto yuko wapi tumwone?" Yule mama akanyoosha mkono kupokea kifurushi, kwa adabu tu, kama anavyopokea mtu aliyefundwa. Ndani mlikuwa na fulana mbili na kofia. Akazikunja upya, akaziweka chini ya mto.

Kwa sababu hiyo msigawe wenyewe. Wapeni wauguzi, wao wanajua nani kalala wapi na kwa nini. Na vya mama vifungeni mbali na vya mtoto, ili hata yule aliyetoka mikono mitupu apate khanga yake, sabuni yake na uji wake. Yeye naye amezaa. Maziwa yake yatajaa siku ya tatu kama ya wenzake, na hana wa kumnyonyesha.

Picha? Hapana. Mwanamke yuko kitandani, nguo hazijakaa, kichwa wazi, nanyi mnataka kumrusha mtandaoni ili wachangiaji waone fedha zimefika. Wapigieni picha mifuko kabla haijaingia, na risiti, inatosha. Kuna wajomba huku, na ninyi mnajua mjomba wa Kimakonde ana neno juu ya mtoto wa dada yake, ambao wakiona hivyo watafika hospitali wakiwa hawana pongezi mdomoni.

La mwisho ni majira. Ninyi huchanga Novemba, minada ya korosho ikichangamka na kila mtu ana chochote. Lakini Novemba hata baba wa mtoto ana fedha. Twende Februari na Machi, mvua zinanyesha, fedha ya korosho imekwishaliwa, mahindi bado shambani, na mbu ni wao. Miezi hiyo ndiyo mama huja na khanga moja, aliyoivaa. Changeni Novemba, sawa, mkabidhi kwa mtunza hazina asiye na papara, mtoe Februari.

Mimi kwenye uji nipo. Magoti hayaniruhusu zamu za usiku, lakini jiko langu ni lile lile na bajaji ya kutoka Mikindani hadi mjini si mbali. Mchele na nazi nitatoa vya wiki ya kwanza. Ninachokosa ni chupa kubwa ya chai, ile ya lita tano. Yangu kioo cha ndani kimepasuka, uji unapoa kabla ya saa sita.

Bibi yenu,
mkunga mstaafu, Mikindani